Dola milioni 105 zitakazolipwa hadi 2051: kisa cha wilaya ya shule iliyokopa bila kupandisha kodi

Kuhusu kisa hiki

Wilaya tunayoizungumzia ni ya shule za umma, iko kwenye vitongoji vya jiji kubwa la kusini mwa California, Marekani. Jina lake nimeliacha, pamoja na majina ya viongozi wake, washauri wake na benki iliyouza deni lake. Viwango vya fedha, miaka na sheria nimeviacha kama vilivyo kwenye kumbukumbu za umma, kwa kuwa bila tarakimu kisa hiki hakimfundishi mtu kitu. Pale ambapo hesabu ni yangu, ya kufafanulia tu, nimesema.

Kwa ufupi: mwaka 2011 wilaya ilikopa dola milioni 105 ili kumalizia ukarabati wa shule zake kongwe. Itarudisha dola milioni 981. Kwa zaidi ya miaka 20 mkopo huo haulipiwi hata senti moja. Malipo yanaanza 2033 na kwisha 2051. Kila hatua ilikuwa halali kwa sheria ya wakati ule, ilipitishwa kwenye kikao cha wazi, na nia iliyotajwa, yaani watoto wasome kwenye madarasa salama, ilikuwa njema. Ndiyo maana kisa hiki kinastahili kusomwa kwa makini kuliko visa vya wizi. Dhidi ya mwizi kuna polisi. Dhidi ya uamuzi halali uliopangwa vibaya, kinga ni watu wanaojua kusoma hesabu kabla ya saini.

Usuli

Msomaji wa Tanzania au Kenya akisikia "wilaya" hufikiria mkuu wa wilaya na halmashauri. Wilaya ya shule ya Marekani ni chombo kingine kabisa. Ni mamlaka ya serikali inayojitegemea, yenye kazi moja tu ya kuendesha shule za umma za eneo lake. Ina bodi inayochaguliwa na wakazi, ina mkurugenzi mkuu anayeajiriwa na bodi hiyo, na mipaka yake aghalabu hailingani na mipaka ya mji. Hii yetu ina wanafunzi zaidi ya 30,000. Familia nyingi zimehamia huko kwa sababu ya sifa ya shule zake, na bei ya nyumba inafuata sifa hiyo. Mzazi na mwenye nyumba, hata yule ambaye watoto wake wamekwisha kua, wote wana sababu ya kutaka shule zionekane vizuri.

Fedha za kuendeshea shule, yaani mishahara, vitabu na umeme, hutoka kwa sehemu kubwa jimboni. Majengo yana njia yake. Wilaya ikitaka kujenga au kukarabati kwa kiasi kikubwa huwaomba wapiga kura kibali cha kuuza hatifungani, yaani hati za deni ambazo wawekezaji huzinunua kwa ahadi ya kurudishiwa fedha yao pamoja na riba, na deni hulipwa kwa kodi ya majengo inayoongezwa juu ya kodi ya kawaida. Mwaka 1978 wapiga kura wa California walipitisha mabadiliko ya katiba yanayojulikana kama Proposition 13. Kodi ya kawaida ya jengo ikafungwa kwenye asilimia 1 ya thamani iliyokadiriwa, na thamani hiyo ikazuiwa kupanda zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka jengo liuzwe au lijengwe upya. Mwaka 2000 yakaja mabadiliko mengine, Proposition 39, yaliyoshusha kiwango cha kura zinazohitajika kwa hatifungani za shule kutoka theluthi mbili hadi asilimia 55. Kwa kubadilishana na ulegezaji huo, kila wilaya inayopita njia hii ililazimishwa kuwa na kamati ya wananchi ya kusimamia matumizi ya fedha zilizokopwa. Kamati hiyo tutakutana nayo tena.

Kitu kingine cha kujua ni kwamba katika vitongoji vya namna hii shule hazizeeki kwa pamoja. Mitaa mipya hujengewa shule kwa kodi maalumu ambayo mnunuzi wa nyumba huikuta tayari kwenye mkataba, chini ya sheria ya Mello-Roos ya 1982. Mitaa ya zamani haina mfuko huo. Basi ndani ya wilaya moja unaweza kukuta shule mpya yenye maabara na ukumbi, na mwendo mfupi kwa gari kutoka hapo shule kongwe yenye paa linalovuja na madarasa ya mabanda yaliyoletwa kwa lori kama ya muda, yakabaki. Mitaa ya zamani iliona inaachwa nyuma, na malalamiko yake yalikuwa ya haki. Kisa kilianzia hapo, katika jitihada ya kusawazisha.

Mfululizo wa matukio

Mwaka 2002 wapiga kura waliidhinisha hatifungani za dola milioni 198 kwa ajili ya kukarabati shule kongwe 24. Kiwango cha kodi kilikuwa dola 55 kwa kila dola 100,000 za thamani ya jengo. Kazi ikaanza. Lakini miaka ile gharama za ujenzi zilipanda kwa kasi, chuma na saruji pamoja, na fedha zikaisha kabla ya shule zote kufikiwa.

Februari 2008 wilaya ilirudi kwa wapiga kura kuomba dola milioni 179 za kumalizia. Ombi lilikuja na ahadi moja iliyo rahisi kuelewa: kiwango cha kodi hakitapanda. Kitabaki dola 55 zile zile, ila kitaendelea kwa miaka mingi zaidi. Zaidi ya asilimia 60 ya wapiga kura walikubali.

Mtu akitazama tarehe hiyo leo anaona tatizo lililokuwa linakuja. Bei za nyumba California zilikuwa zimeshaanza kuporomoka, na kufikia mwisho wa mwaka ule mfumo mzima wa mikopo ya nyumba ulikuwa umeanguka. Kodi ya dola 55 kwa laki huleta fedha nyingi thamani ya majengo inapokua, na fedha pungufu inaposimama au kushuka. Hesabu za mwaka 2008 zilitegemea ukuaji, na ukuaji haukutokea.

Sehemu ya kwanza ya kibali cha 2008 iliuzwa. Mwaka 2011 zilibaki dola milioni 105, na shule zilizoahidiwa zilikuwa bado zinasubiri. Mapato ya kodi ya dola 55 yalikuwa yamekwisha kutengwa kwa madeni yaliyotangulia. Hapakuwa na nafasi ya kulipia deni jipya, si mwaka ule wala miaka mingi iliyofuata. Bodi ikaidhinisha mkopo wa aina ya pekee, ambao nitaueleza hapa chini, na fedha zikapatikana.

Karibu mwaka mzima ulipita kimya. Mwaka 2012 mwandishi wa habari mstaafu wa Michigan, aliyewahi kuandika juu ya mikopo ya aina hii jimboni kwake miaka ya 1990, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuandika hadharani juu ya hesabu hizo. Agosti mwaka huo chombo cha habari cha eneo lenyewe kikaichapa habari kwa urefu, na kutoka hapo ikaenea nchi nzima. Wakazi walijaa kwenye vikao vya bodi. Wengi wao ndio walioipigia kura ya ndiyo mwaka 2008.

Mkopo wenyewe unavyofanya kazi

Hatifungani ya kawaida ya shule hulipa riba kila miezi sita, na deni lenyewe hupunguzwa mwaka hadi mwaka. Hatifungani iliyouzwa hapa hailipi kitu mpaka siku ya kukomaa. Riba ya mwaka wa kwanza inaongezwa kwenye deni, riba ya mwaka wa pili inatozwa juu ya jumla hiyo, na kuendelea. Ni riba juu ya riba, bila kupunguzwa na malipo yoyote njiani.

Chukua hesabu hii ya kufafanulia tu. Deni la dola 100 kwa riba ya asilimia 6 linakuwa dola 200 hivi baada ya miaka 12. Baada ya miaka 24 linakuwa 400, na baada ya miaka 36 linafika 800. Riba yenyewe si ya kutisha. Kinacholikuza deni ni muda unaopita bila malipo. Sasa linganisha: dola milioni 105 zikikopwa kwa riba ya asilimia 5 na kulipwa kwa mafungu sawa kila mwaka kwa miaka 30, jumla inafika dola milioni 205 hivi. Wilaya yetu imejifunga kwa milioni 981, zaidi ya mara tisa ya ilichopokea. Ukigawa jumla hiyo kwa miaka ya 2033 hadi 2051, unapata zaidi ya dola milioni 50 kwa mwaka.

Sharti jingine halikusikika sana mwanzoni, nalo ni zito: wilaya haina haki ya kulikomboa deni mapema. Mwenye mkopo wa nyumba riba zikishuka hukopa kwa bei nafuu na kulipa deni la zamani. Hapa mlango huo ulifungwa kwenye mkataba. Mwekezaji alihakikishiwa riba yake hadi mwisho, tena bila kutozwa kodi ya mapato ya serikali kuu. Nyuma yake kukawa na dhamana ya kodi ya majengo isiyo na kikomo. Kwa mnunuzi wa deni, ni vigumu kupata kitu kizuri kuliko hicho.

Uamuzi na sababu zake

Ni rahisi leo kuwaona wajumbe wa bodi kama watu wasiojali. Mimi siwaoni hivyo, na mtu anayetaka kujifunza asianze na matusi. Tuwaweke mezani pao mwaka 2011, na njia walizokuwa nazo.

Njia ya kwanza ilikuwa kusubiri. Shule zilizobaki zingeendelea na mapaa yake na mabanda yake mpaka thamani ya majengo ipande na kodi iache nafasi. Huo ungekuwa uvunjaji wa ahadi kwa watoto wa mitaa ambayo tayari ilikuwa imesubiri tangu 2002. Njia ya pili ilikuwa kurudi kwa wapiga kura na kusema ukweli mchungu: fedha haitoshi kwa kiwango cha dola 55, tunaomba nyongeza. Kwa nyumba yenye thamani iliyokadiriwa ya dola 500,000, kila nyongeza ya dola 10 kwa laki ni dola 50 kwa mwaka. Lakini ilikuwa miaka ya watu kupoteza kazi na nyumba, na kura hiyo ingeweza kushindwa. Njia ya tatu ilikuwa kukopa kidogo, kile tu ambacho kodi ya dola 55 ingeweza kubeba, na kuchagua shule chache. Hapo bodi ingelazimika kusimama mbele ya wazazi na kuwaambia ni shule ipi inaachwa.

Njia ya nne ilikuwa ile waliyoichagua. Iliwezesha shule zote kumalizwa mara moja bila kiwango cha kodi kupanda. Sababu zilizotolewa hadharani baadaye ndizo hizo: wapiga kura walitaka shule zimalizwe, waliahidiwa kodi isiyopanda, na wakandarasi wakati wa mdororo walikuwa wanatoa bei za chini. Pamoja na hizo kulikuwa na matarajio kwamba kufikia 2033 mji utakuwa umekua, nyumba zitakuwa na thamani kubwa zaidi, na dola 55 kwa laki zitaleta fedha ya kutosha kulibeba deni lote.

Tazama sababu hizo kwa utulivu. Hakuna hata moja iliyo ya kipumbavu. Hoja ya bei za ujenzi ni ya kweli kabisa. Mkandarasi asiye na kazi hukubali bei ambayo miaka mitatu kabla angeikataa. Tatizo ni kwamba faida ya bei hiyo ilikuwa na ukubwa wake, nayo gharama ya kuahirisha malipo kwa miaka 20 ilikuwa na ukubwa wake, na hizo mbili hazikuwekwa kwenye mizani moja mbele ya wananchi kabla ya saini. Hata mkandarasi akipunguza bei kwa robo nzima, punguzo hilo linamezwa mara nyingi na deni linalorudishwa mara tisa.

Matokeo

Shule zilikarabatiwa. Watoto wa mitaa kongwe walipata madarasa ya kudumu, na mtu asilifute hilo kwenye hesabu.

Deni limebaki kama lilivyo. Katika miaka iliyofuata riba za hatifungani za serikali za mitaa Marekani zilishuka sana, na mamlaka nyingi zilitumia nafasi hiyo kubadilisha madeni ya bei ghali kwa ya bei nafuu. Wilaya hii ilikaa pembeni kwa sababu ya lile sharti la kutokomboa. Njia iliyobaki ni kununua hatifungani zake kutoka kwa wenye nazo wanaokubali kuuza, kwa bei ya soko. Lakini riba zikishuka, bei ya hatifungani kama hizi hupanda, kwa hiyo nafuu inayotafutwa huliwa na bei hiyo.

Wilaya hii haikuwa peke yake. Uchunguzi wa magazeti ulionyesha kwamba wilaya za shule na za vyuo zipatazo 200 California zilikuwa zimetumia mikopo ya aina hii. Yetu ilibaki kuwa mfano mkuu kwa sababu ya ukubwa wa tarakimu na urefu wa kimya. Mwezi Oktoba 2013 gavana alitia saini sheria ya AB 182, iliyoanza kazi Januari 2014. Kwa sheria hiyo, jumla ya marejesho haiwezi kuzidi mara nne ya kilichokopwa. Hatifungani ya riba limbikizi, yaani ya aina ile ile iliyouzwa hapa, haiwezi kuzidi miaka 25, na ikizidi miaka 10 lazima wilaya iwe na haki ya kuikomboa. Bodi inayotaka kuitumia lazima ilete jambo hilo kwenye vikao viwili mfululizo, cha kwanza cha taarifa na cha pili cha uamuzi, ikionyesha jumla ya gharama na kuilinganisha na ile ya hatifungani ya kawaida. Kwa kipimo hicho, marejesho ya milioni 105 yasingepita milioni 420. Michigan, kule alikotoka mwandishi yule mstaafu, walikuwa wamepiga marufuku mikopo hii tangu 1994. Funzo lilikuwepo kwa miaka 17, katika nchi hiyo hiyo, na halikufika.

Sheria mpya haikurudi nyuma, kwa hiyo mkataba wa 2011 haukuguswa.

Machi 2020 wilaya iliwaendea tena wapiga kura, safari hii ikiomba dola milioni 448 kwa ajili ya majengo. Haikupata asilimia 55. Ni lazima niwe mwadilifu hapa. Siku hiyo hiyo hatifungani ya jimbo zima ya dola bilioni 15 kwa ajili ya shule nayo ilianguka, kwa hiyo upepo ulikuwa mbaya kwa kila mtu. Hata hivyo, mkopo wa 2011 ulikuwa tayari sehemu ya kumbukumbu ya kila mwenye nyumba, na kila aliyetaka kusema hapana alikuwa na mfano mkononi. Mapaa na mifumo ya umeme ya 2020 ikakosa fedha ilhali deni la mapaa ya 2011 halijaanza hata kulipwa.

Uchambuzi: kilichofaa

Nia ya kusawazisha shule kongwe na mpya ilikuwa sahihi, na wapiga kura waliielewa. Kura zile mbili, ya 2002 na ya 2008, zinathibitisha kwamba watu wako tayari kulipia majengo ya umma wakionyeshwa shule ipi, kazi ipi, kwa kodi kiasi gani.

Mfumo wa kusimamia matumizi nao una thamani. Kamati ya wananchi iliyotakiwa na sheria ilikuwa na kazi ya kuhakikisha fedha za madarasa zinakwenda kwenye madarasa. Waliotazama fedha zinavyotoka wanahitajika, na nchi nyingi zingetamani kuwa nao.

Uchambuzi: kilichoshindikana

Kosa la msingi, kwa maoni yangu, lilifanyika mwaka 2008, miaka mitatu kabla ya mkopo. Ahadi ya kiwango cha kodi kisichopanda iligeuzwa kuwa sharti kuu, na mambo mengine yote yakalazimika kulizunguka. Kiwango kimefungwa, orodha ya shule imefungwa, kiasi cha kukopa kimefungwa. Mapato yalipopungua, kitu pekee kilichokuwa bado kinaweza kunyooshwa kilikuwa muda. Ukimpa mtaalamu wa fedha tatizo la namna hiyo atakuletea jibu halali, na jibu hilo litakuwa kusukuma malipo mbele mpaka yapate mahali pa kukaa.

Tena ahadi yenyewe haikuwa na nguvu ya kisheria ambayo wananchi waliidhania. Hatifungani za aina hii zinadhaminiwa na kodi ya majengo isiyo na kikomo cha kiwango. Thamani ya majengo isipokua kama ilivyotarajiwa, kaunti inawajibika kutoza kiwango chochote kinachohitajika ili mwenye hatifungani alipwe. Maana yake ni kwamba hatari yote ya makadirio kukosea iliwekwa kwa mlipa kodi wa 2033 na kuendelea, na mwenye hatifungani hakubakiwa na chochote cha kuogopa. Ahadi ya dola 55 ilimlinda mlipa kodi wa mwaka 2011. Mlipa kodi wa baadaye haimlindi.

Na huyo mlipa kodi wa baadaye ni nani? Mtoto aliyeanza shule ya awali mwaka 2011 akiwa na miaka 5 atakuwa na miaka 27 malipo yatakapoanza, na 45 yatakapokwisha. Akibahatika kununua nyumba mtaani kwao, atalipia ukarabati wa darasa alilosomea yeye huku mtoto wake akisoma kwenye darasa ambalo limeshachakaa upya. Paa, mifumo ya hewa, nyaya na zulia havidumu miaka 40. Kukopa kwa muda mrefu kuliko uhai wa kitu unachokinunua ni kumtuma mtu mwingine alipie kitu ambacho hatakiona. Hili linaniuma kuliko tarakimu ya milioni 981, kwa sababu watu hao hawakuwemo ukumbini. Wengine walikuwa bado hawajazaliwa.

Kisha kuna suala la nani alikuwa anatazama nini. Kamati ya wananchi ilitazama fedha zinavyotumika. Haikuwa na mamlaka juu ya jinsi zilivyokopwa. Wapiga kura waliidhinisha kiasi cha kukopa, milioni 179, si jumla ya kurudisha. Washauri na wauzaji wa hatifungani katika biashara hii kwa kawaida hulipwa mauzo yakikamilika, kwa hiyo mtu anayejua zaidi ukumbini ana sababu ndogo ya kusema "acheni". Mjumbe wa bodi huchaguliwa kwa miaka minne, na deni hili ni la miaka 40. Kila mmoja alitazama kipande chake, na jumla haikuwa kipande cha mtu.

Ikumbukwe kwamba jumla hiyo haikufichwa. Jedwali la marejesho, mwaka kwa mwaka, huwa sehemu ya waraka rasmi wa mauzo ya hatifungani, na mtu yeyote angeweza kuusoma. Ila waraka wa namna hiyo ni mnene, umeandikwa kwa ajili ya wawekezaji, na mwananchi wa kawaida hajui hata kama upo. Uwazi wa aina hii unatimiza sheria bila kumfikia mtu. Ndiyo maana naona kipengele chenye nguvu zaidi cha AB 182 ni kile cha vikao viwili na ulinganisho wa gharama, hata kuliko kikomo cha mara nne. Kikomo kinazuia mkopo mbaya kupindukia. Vikao viwili vinampa mzazi mmoja mwenye kikokotoo wiki kadhaa za kuuliza swali.

Kwa nini tukitazame kisa hiki kutoka Afrika Mashariki

Shule zetu hazijengwi kwa hatifungani za wilaya, na huenda msomaji anajiuliza kisa hiki kinamhusu nini. Kinamhusu kwa sababu taasisi zetu za umma za ngazi ya chini zimeanza kuingia kwenye soko hilo hilo. Mwaka 2024 Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Tanga iliuza hatifungani ya kijani, yaani ya kugharimia mradi wenye manufaa kwa mazingira, ya miaka 10, yenye riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, ikilenga kukusanya shilingi bilioni 53.12 kwa ajili ya miundombinu ya maji. Riba yake hulipwa kila nusu mwaka.

Hicho kipengele cha nusu mwaka kina maana kubwa kuliko kinavyoonekana. Mamlaka inayolipa riba mara mbili kwa mwaka inausikia uzito wa deni tangu mwaka wa kwanza. Mapato yakilegalega, tatizo linaonekana mezani kwa viongozi wale wale walioidhinisha mkopo, wakati bado wanaweza kurekebisha. Wilaya yetu ya California ilijinyima onyo hilo kwa zaidi ya miaka 20.

Halmashauri zitakapofuata njia ya Tanga kwa masoko, stendi na pengine madarasa, wataalamu watakuja na mapendekezo ya kila namna, na mengine yatakuwa na kipindi kirefu cha neema kabla ya malipo ya kwanza. Diwani asiyesomea fedha bado ana uwezo wa kutosha wa kuamua, mradi apewe karatasi moja yenye kiasi kinachopokelewa, jumla itakayorudishwa, mwaka wa malipo ya kwanza na wa mwisho, miaka ambayo jengo linatarajiwa kudumu, na jibu la ndiyo au hapana kama deni linaweza kukombolewa mapema. Karatasi hiyo isomwe kwa sauti kwenye baraza la madiwani, iingizwe kwenye muhtasari, na uamuzi usubiri kikao kinachofuata.